Teipu Isiyoshika Katoni za Bamia

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunimalizia mchana mzima. Tena nikiandika nikiwa na hasira kalamu hutoboa karatasi. Mkikuta tundu, mjue hapo nilikuwa namkumbuka ejenti.

Banda letu lilikuwa nje kidogo ya Salama, karibu na barabara kuu ya kwenda Mombasa. Paa la mabati, nguzo za miti, sakafu ya udongo na meza tatu ndefu. Lilijengwa na akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, ambao kabla ya hapo walikuwa wakichimbiana matuta mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini alikuja mtu mmoja, ejenti wa wanunuzi wa mboga. Aliwaambia kwamba ng'ambo kuna watu wanaokula karela, lile tango chungu, na pilipili na bamia mwaka mzima, na kwamba wao wakilima yeye ataleta lori lenye baridi kila Jumanne na Ijumaa. Wakalima kando ya mto, wakamwagilia kwa ndoo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Yeye alizaliwa Kikima, milimani, kwenye baridi na maji, na hakuacha kushangaa watu wanaomwagilia mchanga na kuita hiyo kilimo.

Mimi niliwekwa kwenye meza ya mwisho, ya kufunga katoni. Wenzangu wa rika langu walikuwa wameolewa au wameenda mjini. Mimi ni mtu wa haya. Mgeni akinisalimu, jibu hubaki kooni mpaka ameshapita. Kanisani nilikuwa nikikaa karibu na mlango ili nisiitwe kutoa ushuhuda. Kwa hiyo meza ile ilinifaa kuliko mahali pengine popote. Katoni inakuja imejaa, unafunga chini, unafunga juu, unaisukuma, inakuja nyingine. Hakuna anayekuuliza neno. Katika wiki chache nilikuwa naijua ile kazi kuliko mtu yeyote pale bandani, na hilo halikuwa limenitokea maishani. Nilitaka kitu kimoja tu, niachiwe meza ile.

Teipu ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya karatasi, rangi ya kaki, upande mmoja una gundi kavu kama ya stempu. Nilikuwa na bakuli la maji na kipande cha sponji. Unakata teipu, unaipitisha kwenye sponji, unaiweka, unaisugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Ikikauka inakuwa kitu kimoja na katoni. Ukitaka kuibandua unararua katoni yenyewe. Ilikuwa kazi ya polepole, na polepole ndiyo mwendo wangu. Tulipakia karela na pilipili kwa teipu ile, na hakuna katoni iliyorudi.

Halafu vitu viwili vilibadilika wiki moja. Naomba mshike hapo, kwa sababu hapo ndipo kila mtu alipopotelea.

Cha kwanza, bamia zilianza kukomaa. Asiyewahi kuchuma bamia nyingi hajui. Zina vinyweleo vidogo ambavyo huvioni, vinaingia kwenye ngozi kati ya vidole, na mkono unawasha mpaka utamani kuukwangua kwa jiwe. Kuchagua katoni ishirini za bamia kwa mikono mitupu ni adhabu. Ejenti alikuwa ameahidi glavu tangu siku ya kwanza. Aliwahesabu akina mama kwa kidole, mmoja mmoja, kama anayehesabu mbuzi, akasema, "Glavu zinakuja na lori la Ijumaa." Ijumaa lori lilikuja. Jumanne likaja. Glavu hazikuja. Basi mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, akaleta kutoka kwake kopo la mafuta, na akina mama wakajipaka mikono kabla ya kugusa bamia, vile mtu anavyojipaka akienda kukamua ng'ombe. Ilisaidia. Wakaanza kuimba tena wakichagua.

Cha pili, ejenti alileta teipu mpya. Ilikuwa ya plastiki, nyembamba, inayoonyesha upande wa pili kama kioo.

"Hii ni ya kisasa," alisema, akanipokonya lile bakuli langu na kumwaga maji nje. "Mkono mmoja tu, shwaa, imekwisha. Yako ya maji inachelewesha lori."

Nilimwangalia akimwaga maji yale. Hakuyachota yeye.

Katoni za wiki ile zilifunguka. Habari ilikuja na dereva siku ya Ijumaa: ndani ya chumba cha baridi kule uwanja wa ndege teipu zilijikunja kama magamba, vifuniko vikainuka, bamia zikamwagika sakafuni. Jumanne ejenti alikuja mwenyewe. Alisimama katikati ya banda na katoni moja tupu mkononi, teipu inaning'inia.

"Nani anafunga hizi?"

Akina mama wote wakanigeukia. Hata kama ningekuwa na sauti, nisingeihitaji.

"Wewe msichana, huwa unakula?"

Nikainama.

"Nauliza, unakula? Basi bonyeza kama mtu aliyekula."

Wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Ni mtoto mzuri huyu, bwana, ila hana sauti." Na mama mwingine, yule wa meza ya pili ambaye hakupitwa na mzaha, akasema, "Labda teipu haishiki katoni kwa kuwa imeshika mdomo wake." Wakacheka zaidi. Mama yangu naye alicheka. Alicheka kidogo, akiangalia chini, vile mtu anacheka ili asiachwe nje. Lakini nilimwona.

Ejenti akamaliza kwa kusema kwamba zikifunguka tena ataleta mtu wake kutoka mjini akae kwenye ile meza, mtu anayejua kazi. Alisema hivyo huku akijifuta vidole kwa leso yake nyeupe, kwa sababu alikuwa ameshika katoni na ilikuwa imemwachia mafuta. Alijifuta, akaikunja leso, akaitia mfukoni. Hakujiuliza mafuta yale yametoka wapi. Mpaka leo hilo linanikasirisha kuliko matusi yake.

Kwa sababu mimi nilijiuliza. Nilizitazama katoni kwa karibu. Kila moja ilikuwa na alama za vidole, madoa ya duara yaliyokoza rangi, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Na mahali penye doa, teipu ilibanduka bila kuacha hata uzi wa karatasi. Lakini sikuweza kusema ni mafuta tu, kwa kuwa teipu nayo ilikuwa imebadilika wiki ileile. Huenda ilikuwa teipu. Huenda vyote viwili. Ningesema jambo ambalo sina hakika nalo, na nikose, ningekuwa nimewatukana watu wazima bure.

Kando ya barabara palikuwa na duka la bwana mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilitoka upande wa kaskazini mashariki. Alikuwa anauza sukari, betri, mashuka na kila kitu, na mizigo yake ilikuja ndani ya katoni kubwa. Nilikuwa nimeona zile katoni nje ya duka lake: zimetupwa, zimenyeshewa, zimekanyagwa na mbuzi, na teipu bado imeshika. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu. Mwishowe alichoka kuningoja.

"Binti, unanunua au unalinda?"

Nikamwonyesha kidole, kwenye teipu ya katoni moja. Kisha nikatoa mfukoni kipande cha teipu yetu.

Alikishika, akakivuta, akacheka bila sauti. "Hii ya kwako ni ya kufungia zawadi za harusi. Nani amekupa ufungie mboga nayo?"

Akainama chini ya kaunta akatoa roli la kahawia, nene. Alipolivuta lilipiga kelele kama kuku aliyekamatwa. Akanipa ninuse upande wa gundi. Ilinuka mpira, kama gundi ya kuzibia pancha ya baiskeli.

"Usiangalie kung'aa," aliniambia. "Gusa gundi. Hii inashika ukiigusa tu, hata kukiwa na baridi, hata katoni ikiwa mbaya mbaya. Yako inataka mahali laini, pakavu, penye joto, na ibembelezwe kwanza." Alinikatia kipande kirefu kama mkono, akakataa nimshukuru, jambo lililonifaa sana.

Nyumbani nilichukua katoni moja iliyochakaa nikaikata vipande sita. Vitatu niliviacha safi. Vitatu nilivishika kwa mikono niliyoipaka mafuta kama ya akina mama. Nilikuwa bado nina kipande cha ile teipu ya zamani ya karatasi. Nikaweka ya karatasi, ya kioo na ya kahawia, kila moja kwenye kipande safi na kwenye cha mafuta. Nikavitia vyote ndani ya mkebe wenye kifuniko, nikaushusha kwenye shimo letu la maji pale mtoni, ambapo mchanga wa chini ni baridi hata jua likiwaka. Nikakaa hapo nikilinda mkebe mpaka ng'ombe wakaletwa kunywa.

Nilipoutoa, teipu ya kioo ilikuwa imejikunja kwenye vipande vyote viwili, kile safi na kile cha mafuta. Ya karatasi ilirarua katoni kwenye safi, ila kwenye mafuta ilitoka nzima. Ya kahawia ilishika kwenye safi mpaka nikatumia meno. Kwenye mafuta ilitoka kwa vidole viwili.

Kwa hiyo ilikuwa yote mawili. Teipu ya ejenti ilikuwa mbaya, na pia hakuna teipu yoyote, hata ile nzuri, ambayo ingeshika katoni zilizopita mikononi mwa mama zetu.

Nilimwambia mama jioni akichambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka niwaambie wenzangu mikono yao ni michafu?"

"Si michafu, mwaitu. Ina mafuta."

"Kwako ni maneno mawili. Kwao ni neno moja." Aliendelea kuchambua. "Hao ndio walinishika mkono siku tuliyomzika baba yako. Siwezi."

Na kwetu ni kweli, haiwezekani. Msichana asiyeolewa hamwambii mama wa rika la mama yake jambo lolote kuhusu mwili wake, hata kama ni vumbi usoni. Unamwachia mwenye rika lake amwambie. Kama mwenye rika lake hawezi, basi halisemwi. Nilielewa. Nilikasirika nikielewa, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda.

Ijumaa nikafanya ninalolijutia. Nilivitoboa vile vipande sita, nikavirudishia teipu zake, nikavitunga kwenye uzi wa katani, na ejenti alipofika nikampa. Alidhani ni mchezo. Kisha akavuta kimoja, akavuta kingine, akanusa vidole vyake. Si mjinga yule. Ndani ya dakika mbili alikuwa ameelewa. Akageuka.

"Sikilizeni, akina mama. Nimegundua shida."

Amegundua. Alitamka hivyo huku uzi wangu uko mkononi mwake.

Akawaambia kuanzia siku hiyo hataki kuona mafuta ndani ya banda. Kopo la mwenyekiti akalisukuma nje kwa ncha ya kiatu. Halafu akamtuma dereva dukani kwa yule bwana, na dereva akarudi na maroli sita ya teipu ya kahawia kabla chai ya ejenti haijapoa. Nilisimama pale nikihesabu. Teipu ilipatikana kwa muda wa kikombe kimoja. Glavu zilikuwa zimeshindikana kwa wiki tano.

Katoni zilishika. Zote. Dereva alileta sifa kutoka uwanja wa ndege, na sifa zilikuwa za ejenti. Mimi nilibaki kwenye meza yangu, sawasawa na nilivyotaka. Nilipewa hata kitambaa kipya cha kufutia katoni.

Na akina mama walichagua bamia kwa mikono mikavu. Wiki ya kwanza waliacha kuimba. Wiki ya pili mama yangu alishindwa kukamua. Ng'ombe alimkataa kwa sababu vidole vilikuwa na mabaka magumu kama maganda ya mti. Alikuwa akikaa na mikono ndani ya karai la maji. Yule mama wa mizaha alinipitia kwenye meza akasimama.

"Siku ile ulimpa nini yule bwana kwenye uzi?"

Nikaendelea kufuta katoni.

"Nilidhani huna maneno," akasema. "Kumbe unayaweka kwa ajili ya wenye suruali."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Heri wangecheka.

Jumanne iliyofuata lori lilifika mapema. Katoni za kwanza zilikuja kwenye meza yangu, na juu ya moja palikuwa na doa. Nilidhani ni mafuta, nikachukua kitambaa nifute. Ilikuwa damu, kidogo tu, ya mtu aliyejikuna. Nikaliweka roli la teipu chini. Nikaketi juu ya kiti changu na mikono mapajani.

Ejenti aliona katoni zinarundikana. "Nini tena? Funga."

"Glavu," nikasema.

"Nini?"

"Glavu kwanza."

Nadhani lilikuwa neno langu la kwanza kwake. Alikodoa macho, akawageukia wengine akitabasamu. "Kumbe hii inaongea." Alingoja kicheko. Hakikuja. Basi akanirudia, na sauti ilikuwa nyingine. "Mimi sikuajiri mdomo. Lori linaondoka baada ya saa moja, limejaa au tupu. Nani mwingine anaweza kufunga?"

Mama yangu aliniangalia, na mikono yake ilikuwa wazi mbele yake kama ya mtu anayesubiri kupewa kitu. Nilidhani atasema neno. Nilidhani yeyote atasema. Wangekuwa watano tu walioweka bamia chini, lile lori lingekaa, kwa sababu lori tupu lingemletea shida yeye kuliko sisi. Mimi nilijua hivyo. Nafikiri mwenyekiti naye alijua. Lakini bamia zilizochumwa alfajiri zinaanza kuwa nyeusi jua likipanda, na kila mama pale aliikumbuka ndoo yake, mara ngapi ameibeba kutoka mtoni.

Mwenyekiti akamgusa bega mke wa mwanawe. "Nenda," akamwambia. Mimi akaniambia kwa upole, na upole ule nilitamani kuutemea mate, "Mwana wakwa, inuka. Bamia hazingoji."

Nikainuka. Nikaenda kusimama meza ya pili, mahali alipotoka yule mwanamke, kando ya mama yangu, nikaanza kuchagua kwa mikono mitupu.

Mwanamke yule hakuwa amewahi kufunga katoni. Alivuta teipu ikajikunja, ikanata kwenye vidole vyake. Ejenti alipomwita dereva pembeni, yule mwanamke akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ndogo teipu ishuke mpaka wapi pembeni.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokujua. Nilimwambia, "Kiganja kimoja kila upande. Futa kwanza kwa kitambaa kikavu. Bonyeza kutoka katikati." Akafanya hivyo, na lori likaondoka limejaa, na katoni zile hazikufunguka.

Nilichagua bamia mpaka msimu ukaisha. Hakuna aliyenirudisha kwenye meza, na mimi sikuomba. Glavu zilikuja wakati mashina ya bamia yameshang'olewa na kuchomwa. Zilikuwa za mpira, kubwa, za mikono ya wanaume, na hazikutosha hata nusu yetu. Mwenyekiti alizigawa kwa kura baada ya maombi. Mama alipata, akazitumia kuondolea nyuki kwenye mzinga.

Miaka miwili imepita. Watu huniambia yamekwisha, na kwamba ejenti alikuwa akifanya kazi yake tu. Kazi yake ilikuwa kujua teipu gani inashika katoni gani, na hakuijua. Mimi ndiye niliyeijua. Kazi yake ilikuwa kuleta glavu, na hakuzileta. Bado naona meza ile nikipita barabarani, na yule mke wa mwana wa mwenyekiti akifunga vizuri, haraka kuliko mimi.

Nawaomba mnaosoma haya mniandikie, hasa mliowahi kufunga katoni, magunia au mikebe mahali popote. Kama mnatumia teipu nyingine inayoshika vizuri kwenye baridi, nitajieni, nami nitaijaribu mtoni. Lakini zaidi nataka kujua hili. Huko kwenu, mtu alipotaja glavu, wengine waliweka kazi chini pamoja naye? Kama walifanya hivyo, niandikieni ni nani aliyetangulia kuweka chini, na alisema nini.